Kusamehewa Leseni Si Kusamehewa Hesabu

Agosti 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kamba waliogandishwa kutoka kwa msindikaji mmoja wa Indonesia wasiliwe wala wasiuzwe, kwa sababu sampuli moja ilikutwa na sesiamu-137, elementi yenye mionzi. Wiki chache baadaye ikawa zamu ya karafuu za nchi hiyohiyo. Habari ya karafuu zenye mionzi haiwezi kupita Unguja na Pemba kimyakimya, na iliponifikia kwenye simu ilikuwa imekwisha kuvishwa nguo nyingine: bahari ya Asia imeharibika, mtambo wa nyuklia umepasuka, wakubwa wanaficha. Vipimo vyenyewe vilikuwa vya utulivu zaidi. Kamba wale walikuwa na takriban bekereli 68 kwa kilo (bekereli moja ni atomi moja kuvunjika na kutoa mionzi kila sekunde), wakati kiwango ambacho mamlaka hiyo huanzia kuchukua hatua ni bekereli 1,200. Karafuu zilifika karibu 732. Wachunguzi wa Indonesia walifuata nyayo za kamba hadi eneo la viwanda la Cikande, mkoani Banten, na huko wakakuta kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu ambacho tanuri lake lilikuwa limemeza sesiamu pamoja na skrepa.

Kwa hiyo waliosoma habari ile kama habari ya chakula wameisoma nusu. Sesiamu-137 ya kiasi cha kuchafua tanuri haichimbwi machimboni wala haiotei baharini. Huzalishwa ndani ya mtambo wa nyuklia, hufungwa kwenye kifuko cha chuma, huuzwa kwa ankara na hupewa namba. Iliwahi kuwa na mwenyewe. Kati ya siku ilipokuwa na mwenyewe na siku ilipotumbukia kwenye tanuri, kuna mahali mtu aliacha kuiandika. Wazee walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mambo ya mionzi methali hiyo inafanya kazi neno kwa neno.

Nataka kuitumia habari ya Cikande kufikia jambo lililo karibu nasi zaidi, na ambalo halizungumzwi kabisa. Vyuo vikuu vyetu, shule za sekondari, hospitali, maabara za serikali na makumbusho ya madini vina vitu vyenye mionzi hafifu ambavyo sheria imevisamehe leseni. Hoja yangu ni kwamba tumeuelewa vibaya msamaha huo. Tumeuchukua kama ruhusa ya kusahau. Msamaha unamwondolea mwenye kitu mzigo wa kuomba leseni, kulipia ada na kukaguliwa kila mara. Haumwondolei wajibu wa kujua ana nini, kiasi gani, kiko wapi na nani anawajibika nacho. Tena nitajaribu kuonyesha kwamba bila orodha hiyo msamaha wenyewe hauna miguu ya kusimamia. Sitaki kumpotosha msomaji: chanzo cha mionzi kilichoyeyuka Cikande hakikuwa kitu cha kusamehewa, na chupa ya maabara ya chuo haiwezi kufanya uharibifu wa namna ile. Kinachoviunganisha ni tabia ya kusahau, na tabia hiyo hufundishwa kwanza na vitu vidogo.

Tuanze na kwa nini msamaha upo, maana wapo wanaodhani ni uzembe wa watunga sheria. Kila mtu mzima ana bekereli zipatazo 4,000 za potasiamu-40 mwilini mwake, zinazotokana na chakula cha kawaida kama ndizi, maharage, viazi na maziwa. Udongo una urani na thoriamu. Mawe ya graniti yana zaidi. Kwa wastani wa dunia, mtu hupokea kutoka kwa maumbile pekee milisivati 2.4 kwa mwaka, yaani maikrosivati 2,400 za kipimo cha mionzi inayoupata mwili. Kama sheria ingedai leseni kwa kila kitu chenye mionzi, ingebidi tuwape leseni wajawazito, matofali na mikungu ya ndizi. Ndiyo maana Viwango vya Msingi vya Usalama vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), toleo la 2014 ambalo nchi nyingi hulifuata katika kutunga sheria zao, vinaweka mstari: kama matumizi ya kitu fulani hayatarajiwi kumpa mtu zaidi ya maikrosivati 10 hivi kwa mwaka, kitu hicho kinaweza kusamehewa. Maikrosivati 10 ni sehemu moja kati ya 240 za kile ambacho maumbile humpa kila mmoja wetu. Ni busara, na mimi ninaitetea.

Kutokana na mstari huo wataalamu walikokotoa jedwali la viwango kwa kila aina ya atomi, na jedwali lenyewe linafundisha. Tritiamu, yenye mionzi dhaifu isiyoweza hata kupenya ngozi, inasamehewa hadi bekereli bilioni moja. Kaboni-14 hadi milioni 10. Kobalti-60 inaishia 100,000. Sesiamu-137, amerisiamu-241 na urani-238 zinaishia 10,000 tu. Kuna mlango mwingine pia, wa vifaa vilivyopimwa na kuidhinishwa kwa muundo wake. Kitambua moshi cha darini cha aina inayotumia mionzi huwa na amerisiamu ipatayo bekereli 30,000 hadi 37,000, inayozidi kiwango cha jedwali, lakini hupita kwa sababu imefungwa vizuri na mionzi inayotoka nje ni kidogo mno. Na wapo waliosamehewa bila wao wenyewe kujua. Kile kifuko cha kitambaa kinachowaka kwenye taa ya karabai, ambacho wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria walikitumia usiku kucha kabla ya taa za sola kuingia, kwa miongo mingi kilitengenezwa kwa thoriamu. Fundi wa kuchomelea anayetumia ncha za tangsteni zenye alama nyekundu ana thoriamu mkononi hadi leo.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wapunguze mwendo, kwa sababu ndipo kosa lilipo. Kiwango kile cha bekereli hakikuandikwa kwa kila chupa. Kimeandikwa kwa jumla ya kila aina ya atomi iliyopo katika eneo la taasisi kwa wakati mmoja, na kama taasisi ina aina kadhaa, sehemu ya kila aina dhidi ya kiwango chake hujumlishwa na jumla isizidi moja. Maana yake ni nyepesi lakini nzito. Idara ya kemia ikiwa na sesiamu ya bekereli 6,000, na idara ya fizikia ng'ambo ya uwanja ikiwa na 6,000 nyingine, kila mkuu wa idara anaweza kuapa kwamba yuko ndani ya msamaha, na chuo kikawa nje. Nani atajua? Atajua yule tu aliyejumlisha. Na huwezi kujumlisha ambacho hukukiandika. Taasisi inayosema "vitu vyetu vimesamehewa, kwa hiyo hatuna orodha" imetoa hitimisho la hesabu ambayo haijaipiga.

Nimeona kwa macho jinsi hili linavyokuwa. Miaka mingi iliyopita nilisaidia kuhamisha maabara ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kutoka jengo la zamani. Nyuma ya kabati la kemikali, kati ya chupa za shaba salfeti, kulikuwa na chupa ya kahawia yenye chembe za manjano inayong'aa kama binzari. Lebo ilikuwa imeliwa na mende nusu, lakini neno la mwisho lilisomeka: ni asetati ya uranili, chumvi ya urani ambayo watu wa hadubini ya elektroni huitumia kutia rangi sampuli, na ambayo zamani ilitumika pia kupimia sodiamu. Tulimuuliza fundi sanifu, hakuijua. Tulimuuliza mkuu wa idara, akasema aliikuta. Leja ya kemikali ilianzia mwaka ambao chupa ilikuwa tayari imezeeka. Kijana mmoja aliyekuwa akibeba maboksi alikuwa ameshaiweka kwenye ndoo ya vitu vya kumwaga.

Chupa kama ile huwa na gramu 25. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni urani, gramu 14 hivi. Gramu moja ya urani ina takriban bekereli 12,400 za urani-238 peke yake, kwa hiyo gramu moja tu imekwisha kuvuka kiwango cha 10,000, na chupa nzima imekivuka mara 17. Kila tuliyemuuliza siku ile aliamini kitu hicho "hakihitaji kibali". Imani hiyo haikutoka hewani. Marekani huziruhusu taasisi na kampuni kuwa na hadi kilo moja na nusu ya urani au thoriamu ya ungaunga bila kuomba leseni mahususi. Uingereza inasamehe, kwa masharti, hadi kilo tano. Maabara zetu zilinunua kwa katalogi za huko, zikapokea na maelezo ya sheria za huko, na maelezo yakabaki vichwani mwa watu kama ndiyo sheria ya hapa. Chupa moja inaweza kuwa huru Chicago, ikawa na masharti London, na mahali pengine ikahitaji kibali kamili. Asiye na orodha hana hata mahali pa kuanzia kujiuliza iko upande gani.

Watu wa maabara huniambia, kwa haki, kwamba urani ile isingemdhuru mtu kwa mionzi akiwa amesimama karibu nayo. Ni kweli. Hatari yake kubwa zaidi ni ya kikemikali: chumvi za urani zinazoyeyuka huharibu figo zikimezwa, na vumbi lake halifai kuvutwa. Lakini hesabu za msamaha zilipigwa kwa kudhani matumizi ya kawaida, na mtu anayejua ameshika nini. Kumwaga kwenye sinki kusikojulikana kunakoelekea, kuchoma pamoja na takataka, mtoto wa mlinzi kuokota unga wa manjano unaovutia, hayo ni mambo ambayo hutokea kitu kikishapoteza jina.

Jinsi kitu kinavyopoteza jina ndani ya taasisi yenye wasomi, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Delhi. Idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Delhi ilinunua kifaa cha kumulikia sampuli kwa kobalti-60 miongo minne kabla ya mkasa. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hakikutumika tena. Kikakaa chumbani. Februari 2010 chuo kikafanya mnada wa vifaa chakavu, nacho kikamo. Wafanyabiashara wa skrepa wa soko la Mayapuri wakakinunua, wakakipasua kwa ajili ya madini ya risasi na chuma, na vipande vya kobalti vikatawanyika sokoni. Mfanyakazi mmoja alikufa mwezi Aprili na wengine kadhaa waliungua na kuugua. Mdhibiti wa India alianzishwa mwaka 1983, kifaa kikiwa tayari kimeshaingia nchini na kukaa miaka, na hakikuwa kwenye vitabu vyake. Kile hakikuwa kitu cha kusamehewa, kilikuwa hatari ya kuua. Lakini tazama njia kilichopitia: mtumiaji ameacha kukitumia, chumba kimefungwa, kizazi cha watumishi kimepita, kamati ya mali chakavu imepewa funguo, mnada umetangazwa. Katika njia hiyo hakuna hatua hata moja iliyohitaji mtu mbaya. Na kama kitu cha nguvu kiasi kile kiliweza kupita kwenye njia hiyo, vitu vidogo vinapita kila mwaka na hakuna anayejua.

Vidogo vikijikusanya huacha kuwa vidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana wa skauti huko Michigan alikusanya amerisiamu kutoka kwenye vitambua moshi na thoriamu kutoka kwenye vifuko vya taa, vitu ambavyo kimoja kimoja sheria haikuvijali, hadi mwaka 1995 serikali kuu ikalazimika kuvunja banda la uani alimofanyia majaribio na kulisafirisha kama taka za mionzi. Sheria ya Marekani inakataza kuunganisha viasi vilivyosamehewa ili kupata mionzi mikubwa zaidi. Lakini katazo linamfikia nani, ikiwa hakuna daftari lolote linaloonyesha vimeelekea wapi?

Kuna gharama nyingine ya kutoandika ambayo haipimwi kwa sivati. Februari 2019 Marekani ilitikiswa na habari kwamba ndoo tatu za mawe yenye urani zilikaa kwa karibu miaka 20 katika jengo la makusanyo ya makumbusho la Hifadhi ya Grand Canyon, mahali ambapo hata watoto wa shule walipitishwa. Mawe ya urani ambayo hayajasafishwa yamesamehewa na sheria ya nchi ile. Vipimo vilivyofanywa jengoni havikuonyesha mionzi inayozidi ile ya kawaida ya mahali hapo. Lakini wazazi walikuwa wameshaingiwa na hofu, wafanyakazi wameshatangaziwa kwamba huenda waliathirika, na uongozi ulijikuta ukieleza kitu ambacho haukuweza kusimulia historia yake vizuri. Kadi moja tu ndani ya ndoo na mstari mmoja katika rejesta ya makumbusho vingempa msemaji wa hifadhi majibu siku ya kwanza. Kwetu hofu ya mionzi ina masikio mapana zaidi. Tangu majaribio ya kuchakata urani yazinduliwe Mkuju, wilayani Namtumbo, Julai 2025, neno urani limekuwa la vijiweni. Watu wanatazama kusini mwa Tanzania, na mimi sisemi wasitazame. Nasema chupa ya manjano iko kabatini mtaa wa pili.

Upande wa pili una hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza hutolewa na wadhibiti wenyewe. Wanasema rasilimali ni chache. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya iliyoundwa kwa sheria ya 2019, Baraza la Nguvu za Atomiki la Uganda lililotokana na sheria ya 2008, zote zina hospitali za saratani za kukagua, vifaa vya mionzi vya kupimia mshindilio wa barabara zinazojengwa, mashine za eksirei katika miji na vijiji, migodi, mipaka. IAEA hupanga vyanzo katika makundi matano kwa hatari yake, na mkaguzi mwenye akili huanza na kundi la kwanza. Kumtoa kwenye mashine ya kobalti ya hospitali aende kuhesabu chupa za sekondari ni kuhatarisha maisha kwa jina la usalama. Nakubaliana na kila neno. Lakini ninachodai hakimhitaji mkaguzi. Kinamhitaji mtunza stoo, kalamu, na ukurasa mmoja unaotumwa kwa mdhibiti kila mwaka. Viwango vya kimataifa vina ngazi ya taarifa, chini ya usajili, na usajili chini ya leseni. Sisi tumezoea kuona mambo mawili tu, leseni au kimya, na ngazi ya chini kabisa tumeiruka.

Tena imekwisha kufanyika kwingine. Uingereza ina msamaha wenye masharti. Chanzo kilichofungwa kisichozidi bekereli milioni nne hakihitaji kibali cha mazingira, mradi mwenye nacho aweke kumbukumbu zake, akiwekee alama, akilinde kisipotee, na kikipotea atoe taarifa. Shule za sekondari za huko bado zina vyanzo vidogo vya kufundishia fizikia, kila shule ina mwalimu anayewajibika navyo, na hukaguliwa kabatini mwake kwa ratiba. Mwanafunzi anasikia kihesabio cha Geiger, yaani kipima mionzi, kikialika, anaweka karatasi katikati, kelele zinapungua, anaelewa. Hakuna aliyefungwa mikono na daftari. Upande wa pili wa mfano huo ni Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani. Mwaka 2008 kampuni hiyo iliripoti kwamba kati ya alama zake za mlango wa kutokea zinazong'aa kwa tritiamu, zipatazo 70,000, karibu 15,800 hazikujulikana zilipo. Alama hizo zilikuwa na leseni ya jumla, ile ambayo mtu anakuwa nayo kwa kununua tu, bila kuomba. Zaidi ya moja kati ya tano! Kampuni iliyojengwa juu ya kuhesabu bidhaa, inayojua kila boksi la sabuni liko rafu gani, ilipoteza hesabu ya kitu ambacho sheria ilikitaja kwa jina la mionzi, kwa sababu kitu hicho kiliingia kama sehemu ya jengo na hakuna aliyeambiwa ni wa kwake.

Hoja nzito ya pili ni ya wakuu wa vyuo, na huitamka kwa sauti ya chini. Ukiandika, umekiri. Ukikiri, utaambiwa ulipie kifungashio, usafiri, na hifadhi. Bajeti ya idara haitoshi hata vitendanishi. Kwa hiyo mtu mwenye chupa anachagua kimya, na mwenye haraka anachagua sinki. Hii ndiyo hoja inayoninyima usingizi, kwa sababu inaonyesha kwamba amri peke yake itazidisha tatizo. Siku tutakapotangaza "kila taasisi iorodheshe vitu vyake au ipigwe faini", mifereji ya maabara itapokea urani nyingi zaidi kwa wiki moja kuliko ilivyopokea kwa miaka 30. Lazima orodha ya kwanza iwe huru, yaani kipindi kilichotangazwa ambacho anayeeleza alichonacho haadhibiwi kwa kukikuta, na kitu kisichohitajika kinapokewa bila malipo kwenye ghala kuu la taifa. Arusha kuna ghala kama hilo. Kenya ina kituo chake Oloolua, nje ya Nairobi. Kupokea chupa chache na vyanzo vya kufundishia vya ukubwa wa kifungo ni gharama ndogo kwa hazina ukilinganisha na gharama ya kusafisha yadi moja ya skrepa. Mwenye kuficha maradhi, kilio kitamuumbua. Lakini mgonjwa hujitokeza pale anapojua hatafukuzwa hospitalini kwa kukosa senti.

Hoja dhaifu zaidi ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, na kutoka kwa wasomi: "Imekaa pale miaka 30 na hakuna aliyekufa." Miaka 30 hiyo haikulindwa na udogo wa chanzo peke yake. Ililindwa na mzee mmoja aliyejua kabati lile halifunguliwi ovyo, na ambaye alimwambia mrithi wake kwa mdomo, na mrithi akamwambia wa tatu nusu ya alichoambiwa. Ulinzi huo una nusu uhai wake, yaani muda wa kupungua kwa nusu, na ni mfupi kuliko wa kitu chenyewe. Kobalti-60 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na robo. Sesiamu-137, miaka 30. Amerisiamu-241, miaka 432. Radiamu-226 ya saa na dira za zamani, miaka 1,600. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na 60. Hoja ya upande mwingine, kwamba vitu hivi vyote vipigwe marufuku shuleni na vyuoni maana mionzi ni saratani, haina nguvu zaidi. Itatuachia wahitimu wa fizikia ambao hawajawahi kugusa kipimo cha mionzi, katika nchi zinazopanga mitambo ya nyuklia na migodi ya urani, na haitatoa hata chupa moja kabatini.

Muda nao hufanya kazi kwa njia inayosahauliwa. Chanzo cha kobalti-60 cha bekereli milioni moja kilichonunuliwa kwa leseni mwaka 2005 kilishuka chini ya 100,000 karibu mwaka 2022 au 2023, kikaingia kwenye msamaha chenyewe, bila barua. Kinachothibitisha hivyo ni mambo mawili tu: kiasi cha siku ya kununuliwa na tarehe. Bila hayo mawili mwenye nacho atalipia ada ya bure kwa miaka, au atakitupa mapema akidhani kimekwisha. Fosforasi-32 ya utafiti wa vinasaba, yenye nusu uhai ya siku 14, haina haja ya ghala la taifa. Ukiiandika tarehe na kuifungia kwa miezi michache inakwisha yenyewe. Daftari ndilo linalomruhusu mtu kuwa mpole panapostahili upole.

Yakifuatwa haya, mabadiliko makubwa hayatakuwa ndani ya maabara. Yatakuwa kwenye ofisi ambazo hazijioni kuwa zina uhusiano na mionzi. Ofisa ununuzi atakuwa na alama moja kwenye fomu yake ya kuagiza kemikali, ya kuuliza kama kuna urani, thoriamu au chanzo chochote cha mionzi, iwe kimesamehewa au la. Kamati ya kuondosha mali chakavu haitapeleka kifaa cha maabara mnadani kabla mtu mwenye kipimo cha mkononi hajakizunguka, na kipimo hicho kinaweza kuwa kimoja kwa mkoa mzima, kikiazimwa. Chuo cha kati kinapopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, au sekondari ya zamani inapogeuzwa kuwa kitu kingine, makabidhiano yatataja yaliyomo kwenye makabati ya sayansi, maana majengo mengi ya sayansi tuliyo nayo yalirithiwa pamoja na vilivyomo.

Na ipo fomu ya mtumishi anayestaafu. Nimeijaza moja hivi karibuni. Iliuliza kama nimerudisha vitabu vya maktaba, ufunguo wa ofisi, kompyuta mpakato, kitambulisho na kadi ya bima. Ilihitaji saini saba. Hakuna mstari uliouliza kama ninaacha nyuma kitu chenye mionzi, ambacho ni mimi tu ninayejua kilipo. Mstari huo unaweza kuongezwa mwezi huu, na mhuri wa msajili wa chuo unatosha, bila kusubiri bunge wala wafadhili.